Vidonge, mkandaji, mazoezi au sindano: maumivu ya viungo yanakuibia saa ipi?

Nyumbani kwetu Wete, Pemba, tunaishi wagonjwa wawili wa viungo chini ya bati moja. Mama mikono, mimi magoti. Yeye alianza zamani, siku zile akikaa mkekani kuchambua karafuu mpaka taa izimwe. Mimi nimeanza baada ya kuvuka hamsini, na kwa muda mrefu nilijidanganya kuwa ni uchovu tu. Tangu hapo kila anayebisha hodi anakuja na dawa yake. Jirani anasifu vidonge. Wifi yangu anaapa kwa bibi mmoja wa Konde ambaye, kwa maneno yake, "vidole vyake vina macho". Mpwa wangu karudi kutoka Unguja na habari za sindano ya goti iliyomwezesha mtu mzima kucheza beni harusini. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja anasimulia nafuu aliyoiona.

Tatizo ni kwamba mimi na mama tulijaribu vitu vilevile, na vilivyomfaa yeye vikanishinda mimi. Ndipo nikaacha kuuliza ipi inaponya. Nikaanza kuuliza: maumivu haya yananiibia saa ipi ya siku, na nini kinaweza kunirudishia saa hiyo? Mama anaibiwa asubuhi. Mimi naibiwa jioni, nikishamaliza kusimama jikoni na kubeba maji, na zile rakaa za mwisho za Isha.

Njia ninazolinganisha ni nne, ambazo mtu wa huku anaweza kuzifikia: vidonge vya maumivu vya duka la dawa, kukandwa na kuchuliwa kwa mafuta, mazoezi ya viungo, na sindano ya ndani ya goti.

Kwanza, unaumwa na nini?

Sisi yote tunaiita "baridi", na jina hilo moja limetuponza wengi. Ndani yake mna maradhi zaidi ya moja.

Kuna uchakavu wa kiungo. Gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kwenye ncha za mifupa, hulika kidogo kidogo. Watu husema maji ya goti yamekauka. Kiungo huuma ukikitumia na hutulia ukikipumzisha. Ukiamka kinakuwa kimekaza, lakini kwa kawaida hakimalizi nusu saa kabla hakijalegea. Hayo ndiyo magoti yangu.

Na kuna baridi yabisi hasa, ambayo kinga ya mwili yenyewe hushambulia ngozi ya ndani ya kiungo. Hiyo huvimba na kuwa na joto, mara nyingi mkono wa kulia na wa kushoto pamoja, vidoleni na kwenye vifundo. Asubuhi hukaza saa nzima au zaidi. Mama alikuwa hawezi kufunga kanga yake mwenyewe mpaka jua la saa nne.

Jongo nalo lina tabia yake. Linakuja usiku, ghafla, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, na hata shuka ikigusa unapiga kelele. Halafu kuna chikungunya, homa ya mbu ambayo jina lake limetoka kwa Wamakonde, maana yake ni kujikunja. Ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Homa yenyewe huisha kwa siku chache, ila viungo vinaweza kuuma kwa miezi. Kama maumivu yako yalianza baada ya homa, mwambie daktari hivyo kabla hujamwambia jingine lolote.

Nimeanza na haya kwa sababu njia zote nne zinatuliza maumivu, wala hazizuii baridi yabisi kula kiungo. Baridi yabisi ina dawa zake za kuituliza kinga, kama methotreksati, anazoziandika daktari na kuzifuatilia kwa vipimo vya damu. Hizo hazimo katika kuchagua. Ukiwa na ugonjwa huo unazihitaji, kisha ndiyo unachagua nyingine za kukusaidia siku kwa siku. Mama anaimeza methotreksati mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Kuimeza kila siku kwa kukosea kumeshaua watu sehemu nyingi duniani. Sisi tumeifunga na Ijumaa, na pakiti inakaa kwangu. Mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, asiimeze kabisa dawa hiyo.

Vipimo nilivyotumia

Nafuu inakuja lini na inakaa muda gani. Inagharimu nini, na hapa nahesabu nauli, siku iliyopotea na mtu wa kukushika mkono, si shilingi peke yake. Inaweza kuharibu nini. Na inakaaje na maisha yetu, maana ushauri mwingi unaandikwa kwa mtu anayekaa kwenye makochi na kula mezani, wakati sisi tunasujudu, tunakuna nazi na tunachuchumaa chooni.

Nafuu inakuja lini, inakaa muda gani

Parasetamoli inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja na hukaa kama saa nne hadi sita. Kwa goti lililochakaa nguvu yake ni ndogo kuliko tunavyodhani. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi kwa kuwa zinatuliza na uvimbe. Sifa kubwa ya kidonge ni kuwa unaweza kukilenga. Najua leo kuna maulidi, nitakaa chini kwa muda wa saa tatu, basi nakula, nameza, na ile saa naipata. Lakini kesho asubuhi nimerudi nilipokuwa. Kuna pia diklofenaki ya kupaka, ambayo watu wengi hawaijui au wanaidharau: kwa goti na vidole inafanya kazi vizuri, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na ya kumeza.

Kukandwa kunaleta nafuu mikono ikiwa bado iko juu yako. Joto na msuguano hulegeza misuli iliyojikaza kukilinda kiungo, na mwili mzima unashusha pumzi. Nafuu hukaa usiku huo, pengine mpaka kesho yake mchana. Kwa anayeibiwa usingizi, sijaona kinachoshindana nayo. Mama akikandwa mikono kwa mafuta ya vuguvugu baada ya Isha, analala mpaka adhana ya alfajiri.

Mazoezi ndiyo yanayokatisha tamaa, maana wiki mbili za kwanza unaumwa zaidi ya ulivyokuwa. Nafuu hasa huanza kuonekana baada ya wiki sita, na kwa wengine hufika kumi na mbili. Kijana wa mazoezi ya viungo aliponieleza haya nilimwambia, "Mwanangu, mimi nataka leo." Akacheka. "Mama, goti halibebwi na mfupa peke yake. Linabebwa na nyama ya paja, na nyama haikui kwa siku moja." Alikuwa na haki. Nafuu ya mazoezi haina saa maalumu. Siku moja niligundua nimeshuka kwenye daladala bila ya kushika kitu, na sikukumbuka ilianza lini. Ukiacha mazoezi nayo inakuacha, taratibu kama ilivyokuja.

Sindano ya steroidi, dawa yenye nguvu ya kutuliza uvimbe, ikipigwa ndani ya goti huanza kutuliza ndani ya siku chache. Huja kama bamvua: inajaa, unatembea kifua mbele, kisha inatoka. Kwa wengine hukaa wiki chache, kwa wengine hadi kama miezi mitatu. Kwa goti lililovimba na kujaa maji ndipo inapoonekana zaidi.

Inagharimu nini

Kidonge ni rahisi, kipo kila duka la dawa, na ndiyo sababu tunakizoea bila ya kujua tumekizoea. Anayemeza diklofenaki mwaka mzima anadaiwa gharama nyingine ambayo haandikiwi dukani: kupima presha, na kupima figo mara kwa mara.

Mkandaji hulipwa kwa alichojaaliwa mtu, pengine pesa, pengine sukari na kanga. Gharama yake kubwa ni njia. Kutoka Wete kwenda Konde kwa goti bovu, ukapande daladala, ushuke, utembee, ukandwe, kisha urudi vilevile, wakati mwingine unafika nyumbani umeshaipoteza nafuu yote njiani. Sisi tulimwomba yule bibi amfundishe binti yangu. Alikubali kwa shingo upande, lakini alimfundisha. Mafuta si tatizo: nazi tunakamua wenyewe, na mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, na ya mkaratusi yanapatikana, kwani pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachotia mvuke makonyo na majani kutoa mafuta.

Mazoezi hayataki pesa ukishafundishwa. Yanataka nusu saa, mara tatu au zaidi kwa wiki, na yanataka uso mkavu. Mtu mzima ananyanyua mguu mmoja mmoja uani huku wajukuu wanahesabu kwa sauti na kuangua vicheko; ukiona haya hutofika wiki ya tatu.

Sindano inataka daktari anayejua kuipiga, na hapo ndipo Pemba inapokuwa ndefu. Ulizia kwanza kwa simu kama daktari wa mifupa yupo, iwe Chake Chake au Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, kabla hujafunga safari. Usipompata ni boti mpaka Unguja, kwenda Mnazi Mmoja, na ngazi za boti kwa mtu wa magoti ni adhabu. Hesabu siku mbili tatu, mtu wa kukusindikiza, na mahali pa kulala.

Inaweza kuharibu nini

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia.

Parasetamoli haitakiwi kuzidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku nzima ya saa 24, na mzee mwembamba au mwenye ini bovu anatakiwa chini ya hapo. Watu wanavuka kiwango hicho bila ya kujua: wanameza ya viungo, kisha wanameza ya mafua ambayo ndani yake mna parasetamoli ileile. Ibuprofeni na diklofenaki zinatoboa tumbo, zinapandisha presha na zinachosha figo. Ukiwa na vidonda vya tumbo, maradhi ya moyo au figo, au unameza dawa za presha zikiwemo zile za kukojoza, usizinunue kwa kunong'onezwa na jirani. Usichanganye mbili za aina hiyo, maana watu wengi huona majina tofauti wakadhani ni dawa tofauti. Choo kikiwa cheusi kama lami ukiwa unazimeza, ni damu ya tumboni. Nenda spitali siku hiyohiyo.

Sasa nieleze ya mama. Kabla hatujajua ugonjwa wake, tuliuziwa dawa ya unga, haina jina, imefungwa kwenye karatasi. "Ya mitishamba mitupu," tuliambiwa. Siku ya tatu mama alifunga kanga yake mwenyewe alfajiri. Tulilia kwa furaha. Tulinunua tena na tena, kwa miezi. Uso wake ukajaa ukawa mviringo kama mwezi, tukasema kanenepa kwa raha. Kisha akaanza kunywa maji usiku kucha na kukojoa, ngozi ya mikono ikawa inachubuka kwa kuguswa tu. Daktari alimtazama usoni akauliza, "Bibi anatumia dawa gani ya unga?" Kabla hata ya kupima. Sukari ilikuwa imepanda. Alichotueleza ni jambo lililokwishagunduliwa nchi nyingi: baadhi ya dawa zinazoitwa za mitishamba hutiwa ndani yake steroidi za spitali, kama deksamethasoni au prednisoloni. Ndiyo maana zinafanya kazi haraka vile. Na ndiyo maana zinapandisha sukari, zinadhoofisha mifupa na kuufanya uso kuvimba.

Tulitaka kuutupa ule unga hapohapo. Akatuzuia. Mwili uliozoea steroidi kwa wiki nyingi unaacha kutengeneza ya kwake, na ukiikata ghafla mtu anaweza kuanguka akazimia, hata kufa. Alimwandikia prednisoloni inayojulikana kipimo chake, akaipunguza taratibu. Sina ugomvi na mitishamba, nami nakunywa tangawizi yangu kila jioni. Nina ugomvi na dawa isiyo na jina inayoponya kwa siku tatu.

Kukandwa kunaonekana hakuna madhara, na kwa mikono yenye akili hakuna mengi. Ila kiungo kilichovimba na kuwaka moto hakikandwi. Mama aliwahi kukandwa vidole vikiwa katika hali hiyo na alilala na homa ya maumivu siku tatu. Wakati huo kinachofaa ni kitambaa cha maji baridi na kupumzisha. Mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu lake likauma, usikubali mtu auchue. Huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuisukuma kunaweza kuipeleka kwenye mapafu. Mwenye sukari aliyekufa ganzi miguuni asikandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, ataungua asijue.

Na mafuta ya karafuu, ndugu zangu, yasipakwe matupu. Kile kinachotia ganzi ndani yake, yujenoli, ndicho kinachounguza ngozi. Sisi tunatia matone mawili katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi, tunajaribu kwanza kidogo kwenye mkono, tunasubiri mpaka kesho. Kuyanywa ni sumu, hasa kwa watoto, kwa hiyo chupa ikae juu. Hijama, ambayo wazee wetu wakiita kuumika, wengine inawapa nafuu ya siku chache. Sharti wembe uwe mpya, na anayemeza dawa za kuyeyusha damu aulize kwanza.

Mazoezi yana madhara ya kuanguka na ya kujishupaza. Kanuni niliyopewa ni nyepesi: maumivu yakizidi kwa zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, au ukiamka na goti limevimba, kesho punguza, usiache. Wengi tunaacha.

Sindano inapandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwenye kisukari ajipime zaidi wiki hiyo. Vijidudu vinaweza kuingia ndani ya kiungo, ingawa ni nadra ikipigwa kwa usafi. Zikirudiwa mno zinaharibu gegedu lilelile unalojaribu kulitunza. Madaktari wengi hawavuki tatu au nne kwa mwaka kwa goti moja. Na ukipigwa usijue ni nini, rudi uulize, waandike kwenye daftari lako.

Inakaaje na siku yetu

Ramadhani ndiyo kipimo. Ibuprofeni na diklofenaki humezwa baada ya chakula. Baada ya futari ni sawa. Kumeza wakati wa daku kisha ukakaa siku nzima bila ya maji, katika jua la kaskazi, ni kuzitesa figo. Mwezi mtukufu ukikaribia, mpelekee daktari vidonge vyako akupangie upya. Zipo dawa zinazoweza kuhamishwa zote usiku na zipo zisizowezekana, na mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa. Diklofenaki ya kupaka na mkandaji hawagombani na funga. Mazoezi mimi nayafanya baada ya tarawehe, nikiwa nimekunywa maji.

Sala ilinipa fikira kuliko dawa. Kwa mwaka mzima nilisujudu kwa machozi nikiona haya kuvuta kiti mbele ya watu, hali ruhusa ya kusali umekaa iko wazi tangu wakati wa Mtume. Sasa nasimama ninapoweza na nasujudu nimekaa kitini. Ajabu ni kuwa kuinuka na kukaa kitini bila ya kushika kwa mikono ndilo zoezi lenyewe nililofundishwa: mara kumi, pumzika, mara kumi tena. La pili ni kukaa barazani, unyooshe goti mpaka mguu uwe sawa, uhesabu hadi kumi, ushushe. Baraza zetu ni kama zilijengwa kwa kazi hiyo.

Bahari nayo tunayo bure na hatuitumii. Maji yakifika kiunoni yanakubebea karibu nusu ya uzito wako, kwa hiyo goti linatembea bila ya kupigwa. Mimi huenda siku za maji mafu, wakati mkondo ni dhaifu, na viatu vya plastiki kwa sababu ya mawe na miba. Wanawake wa mwani watanicheka, maana wao wanashinda humo tangu kilimo hicho kilipoanza mashariki ya Unguja mwaka 1989, na migongo inawauma. Kuinama na kufunga mwani ni jambo moja, kutembea umenyooka ni jambo jingine.

Jikoni, mbuzi ya nazi ilikuwa adui yangu. Kukaa karibu na ardhi goti limekunjwa kabisa ndilo pozi baya kuliko yote kwa goti lililochakaa. Sasa wanangu wanakuna, au nasagisha nazi. Chooni tumeweka kiti kilichotobolewa juu ya tundu, kazi ya seremala ya asubuhi moja. Kwa mama tumenenepesha mpini wa mwiko na wa kisu kwa kuuzungushia kitambaa, kwa sababu vidole vyake haviwezi kubana kitu chembamba. Na bakora: shika kwa mkono wa upande wa goti zima, si upande wa goti bovu. Mimi niliishika vibaya miezi minne na hakuna aliyenisahihisha, mpaka yule kijana.

Uzito nautaja haraka kwa kuwa unaudhi. Kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti kama kilo nne kwa kila hatua. Mimi nimepunguza tano, na sikuacha wali. Nimeacha sahani ya pili, na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari.

Kwa hali yako

Ukiwa goti linauma kwa kazi, hakuna uvimbe wa moto, na unaweza kuvumilia wiki kadhaa, anza na mazoezi, na chukua diklofenaki ya kupaka ya kukuvusha siku ngumu. Ya kumeza iache kwa harusi, safari na misiba.

Ukiwa maumivu hayakulazi, na kutwa unajimudu, tafuta mkandaji au mfundishe mtu wa nyumbani. Mafuta ya vuguvugu, taa imepunguzwa, si lazima ufuate jina kubwa mbali.

Ukiwa na presha, figo au vidonda vya tumbo, vidonge vya uvimbe, yaani ibuprofeni na diklofenaki, ndivyo vya mwisho kwako. Parasetamoli kwa kipimo, za kupaka, mikono na mazoezi vina nafasi kubwa zaidi.

Ukiwa goti limejaa maji, huwezi hata kuanza mazoezi, na una jambo la kulitimiza ndani ya miezi miwili, sindano inaweza kukufungulia njia. Ila itumie nafuu hiyo kujenga paja. Anayeipata akakaa kitako hurudi palepale bamvua likitoka. Na kama picha inaonesha mifupa inasagana, na hakuna kilichokusaidia kwa miaka, uliza kuhusu kubadilishwa goti. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, inafanya upasuaji huo.

Ukiwa unaamka umekaza zaidi ya saa nzima, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na hali hiyo imepita wiki sita, usichague chochote humu kabla hujamwona daktari na kupimwa damu. Kwa hali hiyo miezi ya mwanzo ina thamani kubwa, na mama yangu tuliichezea kwa kufuata unga wa kwenye karatasi.

Ukiwa unamlea mzee anayekwambia "mwanangu, mimi sijambo", mtazame alfajiri anapofunga kanga au vifungo vya shati. Hapo utajua saa anayoibiwa, hata kama yeye hasemi.

Na kiungo kimoja kikivimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, hakuna kidonge, mkandaji wala zoezi la kujaribu nyumbani. Hiyo ni safari ya spitali usiku uleule, hata kama ni kwa bodaboda.